Kitovu cha uzito: Kipimo kinachoamua hatima ya ndege ya mfano

WARUSHAJI wa ndege za mfano wana msemo ambao wakongwe huwarithisha wanagenzi: ndege iliyozidi uzito puani huruka vibaya, iliyozidi uzito mkiani huruka mara moja tu.

Msemo huo umetiwa chumvi ya mzaha. Hata hivyo, mtu aliyetumia miezi miwili akikata povu gumu na kugandisha vijiti vyembamba vya mbao, kisha akatazama kazi yake ikigeuka takataka katika muda wa sekunde sita, haoni cha kuchekesha. Aghalabu mota huwa nzima, betri imejaa na redio ya kuongozea inafanya kazi barabara. Kinachokosekana ni kipimo kimoja ambacho kingehitaji dakika tano, penseli na rula ya mwanafunzi.

Wala hasara si ya mfuko pekee. Ndege ya mfano ya kilo moja na nusu, yenye rafadha inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika, ikikataa kutii huwa hatari kwa mtazamaji aliyesimama kando ya uwanja akiwa amemshika mwanawe mkono. Kwa hivyo suala la kitovu cha uzito linastahili kuelezwa kwa utulivu, hasa kwa yule anayejiundia ndege mwenyewe badala ya kununua iliyo tayari.

Kila kitu chenye uzito, kiwe jembe, mtungi au ndege, kina nukta moja ambapo uzito wake wote unaweza kuchukuliwa kuwa umekusanyika. Ukikiegemeza hapo, hakiinami upande wowote. Mchukuzi wa mzega huijua nukta hii bila kufunzwa na mwalimu wa fizikia. Pakacha la upande mmoja likiwa zito kuliko la pili, yeye husogeza bega kuelekea kwenye pakacha zito hadi mti utulie. Mahali bega lilipotua ndipo kilipo kitovu.

Mwundaji wa mishale naye anaijua, na elimu yake iko karibu zaidi na mambo ya angani. Mshale una chuma mbele na manyoya nyuma. Chuma huvuta kitovu cha uzito kuelekea mbele, ilhali manyoya hukamatwa na hewa nyuma. Mshale ukitikisika njiani, hewa huyasukuma manyoya yarudi kwenye mstari. Watoto wanaokunja ndege za karatasi hufuata kanuni iyo hiyo wanapoikunja pua mara mbili au tatu hadi iwe nene. Wakiiacha nyepesi, karatasi hupanda ghafla, husimama kidogo hewani na kuanguka kinyumenyume.

Ndege ya mfano inayoongozwa kwa redio ni mshale wa aina hiyo, ila una bawa, na bawa ndilo linaloleta utata.

Bawa linapopita hewani, nguvu ya kuinua haisambai sawasawa kutoka ukingo wake wa mbele hadi wa nyuma. Sehemu ya mbele ndiyo hubeba mzigo mkubwa. Upepo wa ghafla ukiinua pua ya ndege kidogo, nguvu ya ziada inayozaliwa na bawa hutenda kana kwamba imepachikwa kwenye nukta iliyo takriban robo ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Mkia nao hutoa nguvu yake ya ziada huko nyuma kabisa. Ukizijumlisha nguvu hizi mbili unapata nukta moja iliyo nyuma zaidi ya ile robo. Tuiite nukta ya mpaka, kwa kuwa ndiyo mpaka kati ya ndege inayojirekebisha yenyewe na ile isiyoweza kujirekebisha.

Hebu tuchukulie kwamba kitovu cha uzito kiko mbele ya nukta hiyo ya mpaka. Upepo umeinua pua. Nguvu ya ziada ya kuinua inatokea nyuma ya kitovu, kwa hivyo inausukuma mkia juu na pua inashuka. Ndege imejirudisha yenyewe kabla mrushaji hajagusa kishikio cha redio.

Sasa kiweke kitovu nyuma ya nukta ya mpaka. Upepo ule ule umeinua pua, lakini nguvu ya ziada sasa inatokea mbele ya kitovu. Badala ya kuishusha pua, inaiinua zaidi. Pua ikiinuka zaidi, nguvu inaongezeka tena, na kosa dogo linazaa kosa kubwa. Mrushaji akisukuma kishikio kuishusha pua, ndege inapiga mbizi kupita kiasi. Akivuta, inapaa kama jongoo aliyeguswa kichwani anavyojikunja. Binadamu mwenye ujuzi anaweza kupigana na hali hii kwa sekunde chache, lakini mwanagenzi hawezi.

Mwishowe pua huinuka mno hata bawa likapoteza mshiko wa hewa, hali ambayo marubani huiita stoli. Bawa moja huanguka kabla ya jingine na ndege hushuka ikizunguka kama pia. Ndege yenye uzito puani ikipatwa na stoli, pua hudondoka, kasi hurejea, na ndege huruka tena. Yenye uzito mkiani haina cha kuidondosha pua, hivyo huendelea kuzunguka hadi ardhini.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada kutokana na mwinuko wa nchi. Hewa ya Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Ndege ya mfano inayoweza kubaki angani kwa kasi fulani kule pwani huhitaji kasi ya ziada ya karibu asilimia 9 jijini Nairobi, na takriban asilimia 11 mjini Eldoret, ili bawa lizalishe nguvu ile ile. Mtu aliyezoea kutua polepole kando ya bahari akileta ndege yake bara huikaribia stoli bila kujua, na kitovu kilichorudi nyuma hata kwa milimita 10 humnyima nafasi ya kujinasua.

Tatizo hili ni kongwe kuliko ndege zenyewe. Mwingereza George Cayley, aliyeunda ndege ndogo isiyo na injini mnamo mwaka wa 1804, aliipachika uzito uliosogezeka ili aweze kukirekebisha kitovu. Ndugu Wilbur na Orville Wright waliporuka kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka wa 1903, chombo chao kilikuwa na kitovu kilichokaa nyuma mno, na ndiyo sababu kilipanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Mwaka uliofuata walifunga vyuma vya takriban kilo 30 sehemu ya mbele ya chombo chao kipya, na hali ikawa nafuu. Ikiwa waasisi wenyewe walilazimika kubeba vyuma, mwanagenzi wa leo hana sababu ya kuona haya kubandika risasi puani.

Swali basi ni hili: kitovu kinafaa kuwa wapi? Kwa ndege ya kawaida ya kujifunzia, yenye bawa moja juu ya kiwiliwili na mkia nyuma, jibu linalokubalika ni kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa, kutoka ukingo wa mbele. Upana unaozungumziwa hapa ni ule wa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, wala si urefu wa kutoka ncha hadi ncha. Bawa lenye upana wa milimita 250 linahitaji kitovu kati ya milimita 63 na 82 hivi. Kwa safari ya kwanza kabisa, ni busara kuanzia karibu na ile 63. Ndege itakuwa nzito kidogo puani na itahitaji kasi zaidi wakati wa kutua, lakini itarudi nyumbani ikiwa nzima.

Isidhaniwe kwamba kuongeza uzito puani hakuna gharama. Pua ikiwa nzito mno, mkia hulazimika kusukuma chini muda wote ili kuisawazisha, na msukumo huo huwa mzigo mpya ambao bawa hulazimika kuubeba. Ndege huwa kama punda aliyebebeshwa mawe. Shida kubwa hujitokeza wakati wa kutua. Mrushaji huvuta kishikio hadi mwisho ili kuinua pua, lakini eleveta, yaani kile kibao chenye bawaba nyuma ya mkia, haina nguvu ya kutosha kwa kasi ndogo. Pua hugonga chini na gurudumu la mbele hung'oka.

Ndege zilizoundwa kwa umbo jingine zina hesabu nyingine. Ile isiyo na mkia, iliyo bawa tupu, haina cha kuisukuma nukta ya mpaka nyuma ya robo, kwa hivyo kitovu chake hukaa mbele zaidi, aghalabu kati ya asilimia 15 na 20. Wengi wanaohama kutoka ndege ya kujifunzia hadi bawa tupu huiharibu siku ya kwanza kwa kutumia kipimo walichokizoea.

Iwapo bawa lina upana sawa tangu shinani hadi nchani, kazi ni rahisi. Utata huja pale bawa linapopungua upana kuelekea ncha au linapoinamia nyuma. Hapo asilimia haipimwi shinani wala nchani, bali kwenye upana wastani, ambao huwa na mahali pake maalumu kwenye bawa. Fundi wa zamani hupatafuta kwa mchoro. Kwenye karatasi kubwa chora nusu moja ya bawa kama inavyoonekana kutoka juu. Pale shinani, ongeza mbele ya ukingo wa mbele mstari wenye urefu sawa na upana wa ncha. Pale nchani, ongeza nyuma ya ukingo wa nyuma mstari wenye urefu sawa na upana wa shina. Unganisha miisho ya mistari hiyo miwili kwa mshazari mmoja. Kisha chora mstari mwingine unaopita katikati ya upana wa bawa kutoka shina hadi ncha. Mistari hii miwili inapokutana ndipo mahali pa upana wastani.

Tuchukue mfano wa tarakimu ili mchoro ueleweke. Bawa lina upana wa milimita 300 shinani na 200 nchani. Urefu wa nusu ya bawa ni milimita 700, na ukingo wa mbele pale nchani umerudi nyuma kwa milimita 60 ukilinganisha na shinani. Mchoro utaonyesha upana wastani wa takriban milimita 253, ulio umbali wa milimita 327 kutoka shinani. Mahali hapo ukingo wa mbele umerudi nyuma kwa milimita 28. Asilimia 25 ya 253 ni 63. Jumlisha na 28 upate 91. Kwa hivyo kitovu kitawekwa milimita 91 nyuma ya ukingo wa mbele, ukipima pale bawa linapokutana na kiwiliwili. Anayepima robo ya shina pekee atapata 75 na ndege yake itakuwa nzito puani. Anayekisia theluthi ya ncha hatapata chochote cha maana.

Ndege zinazouzwa zikiwa kwenye boksi huja na kijitabu chenye kipimo hiki tayari. Kijitabu kinafaa kuaminiwa kwa safari ya kwanza, lakini kisomwe kwa makini, kwa sababu kiwanda kilikisia betri ya uzito fulani. Mnunuzi aliyeweka betri kubwa zaidi ili aruke kwa muda mrefu amekwisha kuibadilisha ndege hiyo. Nukta iliyopendekezwa haijasogea, ila kitovu chenyewe kimehama.

Baada ya kujua kitovu kinapotakiwa kuwa, hatua inayofuata ni kutafuta kilipo hasa. Ndege iwe kamili kama itakavyoruka: rafadha, magurudumu, kipokezi cha redio, betri na hata vibandiko vya rangi. Eleveta na vibao vingine viwe vimenyooka. Piga alama mbili za penseli kwenye bawa, moja kila upande wa kiwiliwili, kwa umbali uliokusudiwa. Kisha inyanyue ndege kwa ncha za vidole viwili vilivyo kwenye alama hizo. Ikikaa sawa au ikiinamisha pua kidogo tu, kitovu kiko mahali pake. Mkia ukishuka, isipelekwe uwanjani.

Ndege ambayo bawa lake liko chini ya kiwiliwili igeuzwe juu chini kabla ya kupimwa. Sababu yake ni ile ile inayofanya ndoo ining'inie vizuri kwenye mkono wake lakini ipinduke ukijaribu kuisimamisha juu ya kidole. Uzito ukiwa chini ya egemeo, kitu hutulia. Ukiwa juu yake, huyumba kila upande na kumdanganya anayepima.

Njia ya vidole imesifiwa kupita kiasi. Ncha ya kidole cha mtu mzima ina upana wa zaidi ya milimita 10, na kwenye bawa la milimita 250 hiyo ni asilimia 4 nzima. Afadhali kusimamisha penseli mbili zenye vifutio kwenye kipande cha ubao, vifutio vikiwa juu, na kuiegemeza ndege hapo.

Njia iliyo sahihi zaidi ni ile ya mizani ya jikoni inayoonyesha tarakimu. Chukua ndege yenye gurudumu moja la mbele na mawili ya nyuma, iliyowekwa sawasawa kama inavyoruka, magurudumu yasiyopimwa yakiinuliwa kwa vitabu hadi kimo cha mizani. Tuseme gurudumu la mbele limeonyesha gramu 150 na yale mawili kwa pamoja gramu 1,350. Jumla ni gramu 1,500. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 300. Zidisha 150 kwa 300 kisha ugawanye kwa 1,500. Jibu ni 30, maana yake kitovu kiko milimita 30 mbele ya ekseli ya nyuma. Ikiwa ekseli hiyo iko milimita 105 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, kitovu kiko kwenye milimita 75, yaani asilimia 30 ya bawa la milimita 250. Ndege hiyo iko tayari.

Kipimo kikionyesha kwamba kitovu kiko nyuma mno, tiba ya kwanza ni kuhamisha vilivyomo, si kuongeza vipya. Betri ndiyo hasa ya kusogezwa kwa kuwa huwa nzito kuliko karibu kila kitu kingine ndani ya ndege. Hesabu yake ni rahisi. Ndege ya gramu 1,500 ambayo kitovu chake kimekosea kwa milimita 20, na yenye betri ya gramu 200, inahitaji betri hiyo isogezwe mbele kwa milimita 150, kwani 1,500 mara 20 ni 30,000, nayo 30,000 ukigawanya kwa 200 ni 150. Nafasi ikikosekana, risasi itahitajika. Ikiwekwa puani, milimita 300 mbele ya kitovu kinachotakiwa, gramu 100 zitatosha. Chubwi za wavuvi zinafaa kwa kazi hii, na vivyo hivyo vile vipande ambavyo mafundi wa gereji hubandika kwenye rimu za magari.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mkia wa ndege hauna budi kuwa mwepesi. Mkia ulio milimita 750 nyuma ya kitovu una wenzo mrefu mara mbili na nusu kuliko pua iliyo milimita 300 mbele. Kila gramu ya rangi au gundi inayopakwa mkiani hudai gramu mbili na nusu puani.

Chochote kilichosogezwa kifungwe barabara. Betri inayoteleza kuelekea nyuma wakati ndege inapoinua pua huibadilisha ndege nzuri kuwa mbovu ikiwa angani, na hapo hakuna awezaye kuifungua na kuirekebisha.

Ajali za namna hiyo zimewahi kuwapata watu waliopanda ndege kamili. Mnamo Agosti 25, 2010, ndege ndogo ya abiria ilianguka karibu na mji wa Bandundu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na kuwaua watu 20. Kwa mujibu wa maelezo ya mtu mmoja pekee aliyenusurika, mamba aliyekuwa amefichwa kwenye mfuko wa abiria alitoroka, watu wakakimbilia mbele kwa hofu, na ndege ikapoteza mizani. Nchini Marekani, mnamo Januari 8, 2003, watu 21 walifariki mjini Charlotte ndege yao ilipoinua pua kupita kiasi baada ya kupaa. Wachunguzi waligundua kwamba eleveta ilikuwa imerekebishwa vibaya na kwamba mzigo ulikuwa umekisukuma kitovu nyuma ya mpaka ulioruhusiwa. Makadirio ya uzito wa abiria yaliyotumika wakati huo yalikuwa chini ya uzito halisi wa watu.

Wasafiri wanaopanda ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kuelekea Maasai Mara huambiwa wabebe mizigo isiyozidi kilo 15, tena katika mifuko laini, na wakati mwingine huelekezwa kiti cha kukalia. Baadhi yao hunung'unika. Rubani anayewaelekeza anafanya hesabu ile ile ya betri na pua, ila kwa kilo badala ya gramu.

Turejee kwenye kindege chetu, ambacho sasa kimepimwa na kufungwa. Kabla ya kukipeleka uwanjani, ikumbukwe kwamba kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani ndani yake ziliiweka shughuli hii chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA). Mrushaji aulize kwanza masharti yanayohusu chombo chake na mahali anapokusudia kukirushia, na ajiepushe kabisa na maeneo ya viwanja vya ndege.

Angani ndiko ukweli wa mwisho uliko. Jaribio lililozoeleka ni la mbizi. Panda hadi kimo cha kutosha, mathalani kile cha jengo la ghorofa 20, na uiweke ndege iende sawa kwa nguvu ya wastani bila kuguswa. Punguza nguvu ya mota, ielekeze pua chini kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45, kisha achilia kishikio. Ndege ikijiinua kwa nguvu na kupaa, pua ni nzito. Ikiendelea moja kwa moja au ikiinuka polepole, kitovu kiko vizuri. Ikizidi kuzama, mkia ni mzito. Itolewe kwenye mbizi mara moja na kuteremshwa.

Huenda jambo hili likamshangaza msomaji, kwa sababu ingetarajiwa pua nzito ndiyo izame. Ukweli ni kwamba ndege yenye pua nzito huwa imewekewa eleveta iliyoinuliwa kidogo ili iweze kuruka sawa. Kasi inapoongezeka kwenye mbizi, eleveta hiyo hupata nguvu nyingi kuliko uzito wa pua, na pua huvutwa juu.

Anayegundua kuwa mkia ni mzito wakati ndege tayari imepaa asikate tamaa. Aidumishe kasi, asogeze kishikio kwa vipimo vidogo sana, apinde kwa upana na kutua mapema, mota ikiwa bado inasukuma. Kinachoziua ndege nyingi ni kujaribu kutua polepole kama ilivyo desturi.

Kitovu kisisogezwe kwa pupa baada ya jaribio. Milimita tatu hadi tano kila mara zinatosha, na kila badiliko liandikwe daftarini pamoja na uzito wa betri iliyotumika. Ndege inayotumia mafuta ipimwe tangi likiwa tupu, kwa sababu tangi aghalabu huwa mbele ya kitovu, na kadiri mafuta yanavyokwisha ndivyo kitovu kinavyorudi nyuma. Iliyo sawa ikiwa imejaa huenda ikawa na mkia mzito wakati wa kutua.

Upo pia usawa wa kushoto na kulia. Ishike ndege kwa ekseli ya rafadha na mwisho wa mkia, mwenzako akikusaidia. Bawa moja likishuka kila mara, bandika kipande kidogo cha risasi kwenye ncha ya bawa la pili. Hapa gramu chache hutosha, kwa kuwa ncha iko mbali na kiwiliwili.

Zile alama za penseli kwenye bawa zisifutwe. Zitahitajika tena siku mkia utakapovunjika na kugandishwa upya, kwani gramu 20 za gundi na vijiti huko nyuma zitadai gramu 50 za risasi puani kabla ndege haijaruhusiwa kupaa.